Kifua cha Mchonga Viko

"Unavuta mara ngapi kwa siku?" daktari wa zahanati ya kiwanda aliuliza bila kuinua uso.

"Sivuti," Chokaa akasema.

"Nimeuliza mara ngapi."

"Na mimi nimekujibu, daktari. Sivuti. Tangu nizaliwe sijavuta."

Daktari akaweka kalamu chini, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alimwona mtu mrefu aliyebaki mabega na shingo, nywele na kope zimekolea weupe ambao haukuwa wa uzee. Ndiyo maana hata mkewe alishazoea kumwita Chokaa kama watu wengine.

"Wewe kazi yako ni kuchonga viko," daktari akasema, kwa sauti ya mtu aliyemfuma mwizi wa kuku. "Mchonga viko asiyevuta. Hiyo mpya."

Muuguzi aliyekuwa akipanga chupa dirishani akacheka, kisha akajifanya anasafisha koo.

Mama Pacha, mke wa Chokaa, alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Chumba kilikuwa na kiti kingine, lakini hicho kilikuwa kimekaliwa na mkoba wa daktari, na hakuna aliyefikiria kuuondoa. Yeye naye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, chumba cha nta, alikotumbukiza viko kwenye nta ya nyuki iliyochemka ili ving'ae. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya kuungua.

"Daktari," akasema, "huyu usiku halali. Anakaa ameegemea ukuta mpaka kunakucha. Akitema, anatema kitu kama unga uliolowa. Tumbaku gani inatoka nyeupe?"

"Mama, nani mgonjwa hapa?"

"Yeye."

"Basi mwache aongee."

Chokaa akafungua kinywa aongee, kikohozi kikamtangulia. Kilimkunja mpaka paji la uso likagusa meza. Daktari akavuta karatasi zake pembeni zisirukiwe na mate, akangoja kitulie, halafu akatamka alichokuwa ameshakiamua kabla mgonjwa hajaingia: mapafu yameharibiwa na uvutaji wa muda mrefu. Kazini hafai tena. Ugonjwa haukutokana na kazi, kwa hiyo kiwanda hakihusiki.

"Kunywa maji mengi," akaongeza. "Na uache hivyo viko."

*

Jiwe lenyewe lilikuwa jeupe, jepesi, lenye kuelea majini. Wanunuzi wa ng'ambo waliliita povu la bahari kwa lugha yao, ingawa lilichimbwa mahali pakavu ambapo hata mvua ilipita kwa kuchungulia. Zamani lilisafirishwa mabonge kwa mabonge ndani ya masanduku, na wachimbaji hawakujua linakwenda kufanywa nini. Wengine walidhani ni dawa ya meno. Kisha kikajengwa kiwanda, akaletwa fundi mgeni aliyekaa na vijana wachache kwenye benchi moja akawafundisha kutoa kichwa cha kiko ndani ya bonge: tembo, mzee mwenye ndevu, mkono ulioshika yai. Fundi yule akarudi kwao. Vijana wakabaki wakichonga, wakazeeka. Katika benchi lile la kwanza, aliyekuwa bado kazini ni Chokaa peke yake.

Walichonga jiwe likiwa limelowa. Lililazwa kwenye mapipa ya maji mpaka likalainika kama sabuni iliyosahauliwa bafuni, kisu kikapita bila kelele, na chini hapakuanguka vumbi, ni tope tu. Lakini jiwe lililolowa huchukua muda kukauka, na likiharakishwa hupasuka. Oda zilipozidi, meneja mpya akaona mapipa yale yanamchelewesha. Akaamuru yaondolewe, zikaletwa mashine za kukereza jiwe kavu. Kuanzia hapo karakana ikawa kama ndani ya gunia la unga. Mtu alimtambua mwenzake kwa sauti.

Vumbi lile halikutupwa. Lilifagiliwa kila jioni, likachanganywa na gundi na kushindiliwa, likawa viko vya bei nafuu. Na kwa kuwa lilikuwa mali, wafanyakazi walisimamishwa getini kabla ya kutoka, wakavua mashati na kuyakung'uta juu ya turubai, wanaume upande huu na wanawake upande ule, mlinzi akiwaambia, "Kung'uta vizuri, bado mfukoni." Mtu mzima na mvi zake anakung'uta mfuko wa suruali mbele ya kijana aliyeajiriwa juzi, naye kijana anamwambia arudie.

*

Waliishi kwenye nyumba ya kiwanda, vyumba viwili na ua mdogo nyuma. Pacha walishaolewa mbali. Waliobaki ni Chokaa, mkewe, na mama mzazi wa mkewe, ambaye wote walimwita Bibi.

Bibi alikuwa akivuta kiko. Alianza kabla hajavunja ungo, na hakuna aliyewahi kumwachisha, si mumewe, si padri, si mashehe wa jirani waliojaribu kwa zamu. Kiko chake alichongewa na Chokaa kwa jiwe lenye ufa ambalo kiwanda kililikataa. Kwa miaka kilikuwa kimegeuka rangi, kutoka weupe hadi rangi ya asali iliyoungua, na Bibi alikishika kama wengine wanavyoshika tasbihi.

Karani wa utumishi alikuja alasiri, kuangalia hali ya nyumba kabla haijakabidhiwa mtu mwingine. Aliongozana na mnyapara wa karakana. Mnyapara huyu alikuwa mtoto wa mwisho wa Bibi, mdogo wake Mama Pacha. Alilelewa katika nyumba hii hii, akilala kwenye mkeka chini ya dirisha, na ni Chokaa aliyemshika mkono akamwingiza kiwandani.

"Hodi shem," mnyapara akasema, macho yakiwa kwenye kizingiti.

"Karibu shemeji. Kaa."

Hakukaa. Karani hakungoja kukaribishwa. Alifungua kabati, akagonga ukuta, akanusa. Akanusa tena.

"Hii harufu ya nini?"

"Tumbaku," Mama Pacha akasema. "Ya mama. Yuko uani."

Karani akamgeukia mnyapara na tabasamu la mtu aliyeokota pesa. Akatoka uani. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, moshi ukipanda taratibu usoni kwake.

"Shikamoo bibi. Hicho kiko cha nani?"

"Marahaba. Changu."

"Bibi, usimfichie mkweo. Sisi hatuna ubaya naye."

"Nimfichie nini? Kiko kiko mdomoni mwangu. Ulitaka nikiweke wapi ndiyo uamini?"

Karani akacheka. Akainama, akakichomoa mkononi mwake kama mtu anavyomnyang'anya mtoto wembe. Akakigonga kwenye ukuta, kaa la moto likaanguka mchangani, akakigeuza na kukikagua. "Jiwe la kiwanda hili. Halina muhuri. Mali ya kiwanda ndani ya nyumba, na mwenye nyumba anasema havuti." Akakifunga kwenye leso na kukitia mfukoni.

Bibi alibaki na mkono wazi. Akamtazama mwanawe.

"Mwambie," akasema. "Wewe si umekua ukinipelekea moto? Mwambie mwenzako ni cha nani."

Mnyapara akalegeza ukosi wa shati. "Mama, ngoja kwanza. Haya mambo yana utaratibu wake."

"Kusema mama yako anavuta kuna utaratibu?"

"Nitaongea nao ofisini, mama."

Walipoondoka, Bibi aliendelea kukaa pale pale, vidole vimekunjwa kana kwamba bado vimeshika kitu. Mama Pacha alisimama mlangoni, akamwona mumewe anainama kuokota lile kaa kwa kijiti asije mtu akalikanyaga.

"Na wewe unaokota," akamwambia. "Wanakutemea mate, unatafuta kitambaa uwafute midomo."

Chokaa akaegemea ukuta. Pumzi ya kujibu hakuwa nayo.

*

Kikao cha kuamua shauri la Chokaa kilifanyika ofisini kwa meneja. Upande mmoja wa meza walikaa meneja, daktari na karani. Mnyapara alisimama karibu na kabati. Chokaa aliwekewa stuli mlangoni kabisa, mkewe akasimama nyuma yake, na dirisha likafunguliwa, asije akawakoholea. Kile kiko cha Bibi kilikuwa mezani juu ya leso, kimelala ubavu.

Meneja alikuwa mtu mpole wa sauti. Aliuliza hali, akasema anasikitika, akasema Chokaa ni kama nguzo ya kiwanda. Kisha akamgeukia mnyapara.

"Wewe ni shemeji yake, hakuna atakayesema unamwonea. Umewahi kumwona huyu bwana na kiko mdomoni?"

Mnyapara alijua anaulizwa nini, na alijua jibu. Kila mchongaji hutia kiko mdomoni. Hakuna tumbaku, hakuna moto. Anavuta hewa tupu kupima kama tundu la mrija limenyooka. Yeye mwenyewe alifanya hivyo kabla hajapewa unyapara. Maneno ya kueleza jambo hilo hayakuwa mengi, hata mtu mwenye haraka angeyamaliza.

"Nimewahi," akasema.

"Mara moja moja?"

"Kila siku."

"Ahsante."

"Malizia," Mama Pacha akasema kutoka nyuma.

"Mama, hujaulizwa," karani akamwambia.

"Sikuambii wewe. Namwambia huyu niliyembeba mgongoni. Malizia sentensi, mdogo wangu. Kila siku kiko mdomoni, akifanya nini?"

Mnyapara alikuwa akitazama ncha za viatu vyake. Feni ya dari ilizunguka. Daktari akaangalia saa.

"Ameona alichoona," meneja akasema kwa upole ule ule. "Na kiko kimepatikana nyumbani. Hakuna anayemwadhibu mtu kwa kuvuta, mama. Sisi wenyewe tunatengeneza viko. Tunachosema tu ni kwamba haya maradhi amejitafutia."

Mama Pacha akasogea mpaka mezani. Karani akanyanyuka nusu, akakuta hakuna cha kufanya, akakaa tena.

"Kila jioni mnatukung'uta getini," akasema. "Mnatuvua mashati vumbi lenu lisipotee. Mmewahi kumrudisha mume wangu ndani kwa sababu ya vumbi lililobaki kwenye nyusi. Kwenye nyusi, bwana meneja. Mlinzi alimfuta kwa brashi. Sasa lililomo kifuani mbona hamlitaki? Kifua kizima kimejaa mali ya kiwanda. Mfungueni mchukue, mkashindilie viko vingine."

"Mama, punguza sauti."

"Sauti yangu ndiyo inayokuumiza?"

Hapo Chokaa akainuka kwenye stuli, akashika fremu ya mlango. "Twende, mke wangu," akasema. "Twende nyumbani."

Mama Pacha aligeuka kumkemea, akamwona midomo imekuwa ya buluu. Akafunga kinywa. Alikichukua kile kiko mezani, mbele yao wote, hakuomba. Karani alitaka kusema kitu, meneja akamwashiria anyamaze. Kwa kitu kidogo kama hicho, uso wa meneja ulisema, waachieni. Na huruma hiyo ilimchoma Mama Pacha kuliko kufukuzwa.

Uamuzi waliletewa siku ya pili na mlinzi: Chokaa ameachishwa kazi kwa maradhi ya kujitakia, na nyumba aihame kabla mwezi haujaisha.

*

Mnyapara alikuja siku moja kabla ya kuhama, akiwa na mfuko wa sukari na maneno aliyoyapanga njiani. Bibi aliupokea mfuko akauweka chini, hakumkaribisha ndani.

"Wangeniachisha na mimi," mnyapara akasema. "Nikiwa nje ningewasaidiaje? Fikirieni. Nikiwa ndani angalau..."

"Ukiwa ndani umetusaidia nini?" Mama Pacha akauliza. Alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka, hakuacha kufunga. "Taja kimoja tu. Nitakushukuru hapa hapa kwa kupiga magoti."

"Dada, nina watoto."

"Na mimi sina? Hawa pacha niliwaokota?"

Chokaa alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni. "Mwache," akasema kwa shida. "Shemeji, umekula?"

Mnyapara akasema amekula. Akaondoka akisahau kuaga.

*

Mwenye mkokoteni alikuja alasiri kama walivyokubaliana. Kulikuwa na kitanda, godoro, meza, vyombo, kigoda cha Bibi na mabunda ya nguo. Chumba walichopata kilikuwa ng'ambo ya soko, chini kabisa mtaa unakokwenda maji ya mitaro. Chokaa hakuweza kutembea umbali huo, kwa hiyo walitandika godoro juu ya kitanda na kitanda juu ya mkokoteni, wakamlaza. Majirani walisimama kwenye milango yao. Walisema poleni, wakashika mikono, lakini hakuna aliyetoka mpaka barabarani, kwa sababu nyumba zao nazo zilikuwa za kiwanda.

Penye njia panda mwenye mkokoteni akaanza kukata kushoto.

"Kulia," Mama Pacha akasema.

"Kulia ni kiwandani, mama. Soko lipo huku."

"Nalijua soko. Kulia."

"Mke wangu," Chokaa akasema kutoka juu ya godoro. "Usifanye hivyo. Ni aibu."

"Aibu si yetu. Tunaipeleka kwa wenyewe."

Bibi, aliyekuwa akitembea ameshika ubavu wa mkokoteni, akaongeza mwendo.

Walifika zamu ikiwa inakaribia kutoka. Lori la masanduku ya kusafirishwa ng'ambo lilikuwa limeshapakiwa, limesimama ndani likingoja geti lifunguliwe. Mama Pacha akamwambia mwenye mkokoteni washushe. Walishusha kitanda katikati kabisa ya geti, miguu miwili kwenye lami na miwili kwenye zege la kiwanda. Bibi akaweka kigoda chake kwenye miguu ya kitanda, akakaa, akajaza kiko, akawasha.

Mlinzi alikuja mbio. "Mama, hapa si mahali pa kuweka kitanda."

"Tumefukuzwa tulipokiweka."

"Lori linatoka."

"Lipite. Mimi nimelishika?"

Dereva akapiga honi. Akapiga tena kwa muda mrefu zaidi. King'ora cha kumaliza zamu kikalia, na wafanyakazi wakaanza kutoka karakana, weupe toka utosini, wakavua mashati na kuyakung'uta juu ya turubai kama kawaida. Wa kwanza aliyemwona Chokaa alisimama na shati mkononi. Nyuma yake wakasimama wengine. Chokaa alikuwa amefumba macho kwa aibu, lakini vumbi lililokuwa likikung'utwa lilimfikia, na kikohozi kikaanza. Hakikuwa kikohozi cha kujificha. Kilisikika kutoka getini mpaka chumba cha nta, ambako wanawake walitoka na aproni zao kutazama.

Kisha mtu mmoja katikati ya kundi akakohoa. Alijaribu kukizuia, kikamshinda. Akafuata mwingine karibu na ukuta. Hawakuwa wanaitikiana, kila mmoja alikuwa na chake, na siku zote walikuwa wamekohoa hivyo, ila mashine zilifunika. Sasa mashine zilikuwa zimezimwa, wakasikiana.

Juu, pazia la ofisi ya meneja likasogezwa. Punde mnyapara akashuka ngazi na walinzi wawili.

"Dada," akasema akiwa bado mbali. "Dada, nakuomba. Wameniambia nikiondoe. Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Kiondoe."

Mnyapara akawaashiria walinzi washike upande wa kichwani, yeye akainama kushika upande wa miguuni, karibu na goti la mama yake. Bibi hakumpisha. Mnyapara akavuta pumzi anyanyue. Pumzi ile haikufika mwisho. Akakohoa mara moja, akameza, akainama tena, na safari hii kikohozi kikamkamata barabara, kikamshusha goti moja chini. Alipoondoa leso mdomoni, Mama Pacha aliiona kabla hajaikunja. Ilikuwa na unga uliolowa.

Chokaa akafumbua macho. "Tangu lini, shemeji?" akauliza.

"Si kitu. Ni mafua."

"Tangu lini?"

Mnyapara akatazama mikono yake. "Tangu mwaka jana."

"Na wewe," Mama Pacha akasema, na hapakuwa na huruma hata tone katika sauti yake, "watasema ulikuwa unavuta nini? Mimi nitaitwa niseme nimekuona na kiko mdomoni. Nimekuona kila siku. Niishie hapo, au nimalizie?"

Dereva alikuwa amezima injini, amekaa na mlango wazi. Kutoka dirishani meneja aliita jina la cheo, "Mnyapara," kwa upole wake, halafu akaita tena bila upole.

Mnyapara hakuinua uso. Aliuachia ule mguu wa kitanda, akakaa ukingoni mwa godoro, mgongo akiuelekeza ofisini. Chokaa akasogeza miguu kumpa nafasi.

"Havuti," mnyapara akasema. Alisema polepole, kisha akarudia kwa sauti ya kusikika na wote. "Huyu mtu havuti. Alikuwa anapima mrija. Wote tunapima mrija. Tumbaku ni ya mama yangu huyu hapa. Nilijua, nikanyamaza."

Lori halikutoka jioni ile, wala kesho yake, kwa sababu asubuhi wafanyakazi walibaki getini, hakuna aliyewasha mashine.

*

Mapipa ya maji yalirudishwa karakana kabla ya wiki kwisha. Turubai la getini likaondolewa. Meneja aliwaambia wanunuzi kwamba kiwanda kimerudia njia ya asili ya mababu wa kazi, na wanunuzi wakaipenda habari hiyo, wakapandisha oda. Mapafu hayakutajwa.

Chokaa hakurudi kazini wala kwenye ile nyumba. Alifariki katika chumba cha ng'ambo ya soko, ameegemea ukuta, saa ambayo mkewe alikuwa amekwenda kuteka maji. Meneja alituma salamu na shada la maua. Mama Pacha alilirudisha mwenyewe, akaliacha kwenye kile kiti cha daktari kinachokaliwa na mkoba.

Mnyapara aliachishwa kazi, kwa sababu nyingine kabisa, walisema. Mkewe alichukua watoto akaenda kwao. Sasa yeye analala nyuma ya pazia katika chumba hicho hicho cha dada yake, na usiku anakohoa mpaka kunakucha. Mama Pacha hajamsamehe, na watu wakimwambia amsamehe, mtu mwenyewe anakwisha, anawauliza kama wamemaliza kilichowaleta. Hasemi naye ila kwa lazima. Lakini kikohozi kikianza huinuka gizani, akapita pazia, akamwekea mto wa tatu mgongoni, akasimama hapo na hasira zake mpaka kitulie.